Sura ya Nne: Mkulima Mmoja, Mstari Mmoja

Oktoba ikiingia, Nanyamba, mkoani Mtwara, huamka mapema. Pikipiki hutoka vijijini zimebeba magunia mawili mawili ya korosho, baiskeli nazo hufuata, na mbele ya ghala la chama cha msingi, ambacho kila mtu hapa hukiita AMCOS, magunia hupangwa kwa foleni, kila moja likiwa na alama ya mwenyewe. Ndani kuna mizani, kuna vijana wa kubeba, na kwenye kona yenye mwanga kuna karani mwenye daftari kubwa. Mkulima hutaja jina lake. Gunia hupanda mizani. Karani husoma kilo, huandika, huchana stakabadhi iliyopigwa kaboni na kumkabidhi mkulima, kisha humwita anayefuata. Hufanya hivyo mpaka jioni, na kesho tena, mpaka msimu unakwisha.

Sura hii inahusu daftari hilo na jinsi ya kuligeuza kuwa kanzidata kwa kompyuta ya mezani ya kawaida. Nanyamba nimeichagua makusudi. Vitabu vingi vya kompyuta hufundisha kanzidata kwa mfano wa duka la muziki au maktaba ya filamu, na msomaji wa kwetu huishia kujua pa kubofya bila kujua kwa nini anabofya. Karani wa AMCOS anajua kwa nini. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, uliotungiwa sheria mwaka 2005 na kuanza kwenye korosho za Mtwara msimu wa 2007/08, mkulima halipwi pale kwenye mizani. Anaacha korosho zake, zinasafirishwa hadi ghala kuu, zinauzwa mnadani, na fedha huja baadaye kwenye akaunti yake ya benki. Kati ya siku ya kupima na siku ya kulipwa hana korosho wala hana fedha. Alicho nacho ni mstari mmoja katika daftari la mtu mwingine.

Nilijifunza uzito wa mstari huo kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita chama kimoja cha msingi kiliniomba nimsaidie karani wake kuandaa orodha ya malipo. Daftari lilikuwa limekwisha kunakiliwa kwenye Excel: safu ya majina, safu ya kilo, safu ya akaunti. Viongozi walitaka majina yapangwe kwa alfabeti. Nikachagua safu ya majina, nikabofya kitufe cha kupanga, programu ikaniuliza kama nataka safu za jirani zifuate, nami kwa haraka nikajibu hapana. Majina yakajipanga vizuri. Kilo na akaunti zikabaki zilipokuwa. Kila mkulima sasa alikuwa na korosho za mwenzake, na kwa kuwa jumla ya chini haikubadilika hata kilo moja, hakuna aliyeshtuka. Aliyegundua ni mzee mmoja aliyekuja na stakabadhi yake mkononi kuuliza atalipwa lini.

"Shikamoo mzee," karani alimwambia huku akitazama kioo. "Wewe hapa una kilo 64."

"Marahaba mwanangu. Mimi nimeleta magunia matano."

Magunia matano ya korosho hukaribia kilo 400. Tulikesha usiku ule, na kesho yake tukaendelea, tukirudia kila kitu kutoka kwenye nakala za kaboni. Kilichotuokoa ni kwamba fedha zilikuwa bado hazijatoka.

Katika kanzidata kosa lile haliwezi kutokea. Mstari ni kitu kimoja. Ukiiambia programu ipange majina, haihamishi majina; inamhamisha mkulima pamoja na kila kinachomhusu, na akaunti yake na kilo zake zinakwenda naye. Hiyo ndiyo tofauti ya kwanza kati ya jedwali la hesabu na kanzidata, na kwangu mimi ingetosha hata kama zisingekuwapo nyingine.

Wala jambo hili si la maghala ya vijijini peke yake. Oktoba 2020 taasisi ya afya ya umma ya Uingereza ilitangaza kwamba wagonjwa 15,841 wa korona hawakuingia katika takwimu za kila siku kuanzia 25 Septemba hadi 2 Oktoba. Majibu ya maabara yalikuwa yakimiminwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Faili lilipojaa, mistari iliyozidi ilikatwa kimya kimya, na watu waliokuwa wamekutana na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa. Taifa lenye fedha na wataalamu wote hao lilikuwa limeweka daftari lake mahali pasipo pake.

Wazo la kuweka daftari mahali pake lina mwenyewe. Edgar Codd alikuwa Mwingereza, amezaliwa mwaka 1923 katika kisiwa cha Portland, akarusha ndege za jeshi katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kisha akahamia Marekani na kuajiriwa na kampuni ya IBM. Juni 1970, akiwa kwenye maabara ya IBM huko San Jose, California, alichapisha makala iliyobadili kazi nzima ya kutunza taarifa. Kabla yake taarifa kubwa zilihifadhiwa kama matawi ya mti. Programu ya IBM iitwayo IMS, iliyotengenezwa miaka ya 1960 ili kufuatilia vipuri vya roketi ya safari za mwezini, ilikutaka uanze juu kwenye shina na kushuka tawi baada ya tawi mpaka ufike kwenye kipuri unachokitafuta. Ukiwa na swali ambalo mjenzi wa mti hakulifikiria, ulilazimika kumwita mtu wa kuandika programu nyingine.

Codd alisema mambo mawili. Weka kila kitu kwenye majedwali ya kawaida, ya safu na mistari. Kisha acha jedwali moja lijuane na jingine kwa kitu kilichoandikwa kwenye yote mawili, basi. Namba ya mwanachama iliyo kwenye orodha ya wakulima ndiyo ileile iliyo kwenye orodha ya mapokezi, na hicho ndicho kiungo pekee kinachohitajika. Anayeuliza aseme anataka nini. Kutafuta njia ya kukifikia ni kazi ya mashine. IBM wenyewe walikawia kuliuza wazo hilo, na kampuni ndogo ambayo leo tunaijua kwa jina la Oracle ikawatangulia sokoni mwaka 1979. Codd alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1981 na alifariki mwaka 2003.

Kwanza zima kompyuta

Mwanafunzi wangu yeyote wa kanzidata huanza na karatasi na penseli, kompyuta ikiwa imezimwa. Wengi hunung'unika. Wanataka kuona fomu zenye rangi na vitufe. Lakini kanzidata mbovu ambazo nimeombwa kuzitibu, karibu zote ziliugua kabla kompyuta haijawashwa, kwa sababu aliyezijenga hakujiuliza swali moja: humu ndani kuna vitu vya aina gani?

Muulize karani wa Nanyamba. Atajibu upesi: kuna wakulima na kuna korosho. Mwache afikiri kidogo. Korosho zenyewe haziandikwi. Kinachoandikwa ni tukio: siku fulani, mkulima fulani, ameleta kilo kadhaa, za daraja la kwanza au la pili. Hayo ni mapokezi. Mkulima mmoja anaweza kuleta mara moja au mara kumi na mbili katika msimu, kwa hiyo mkulima ni kitu kimoja na mapokezi ni kitu kingine, na kila kimoja kinataka jedwali lake. Halafu kuna mnada, wenye tarehe na bei. Halafu kuna malipo. Majedwali manne: Wakulima, Mapokezi, Minada, Malipo. Mtu akiniletea kanzidata ya AMCOS yenye jedwali moja pana lenye safu za "kilo ya kwanza", "kilo ya pili", "kilo ya tatu", humuuliza mzigo wa mara ya kumi na tatu utaandikwa wapi.

Bei ndiyo inayowachanganya wengi, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Makarani wamezoea kuandika bei mbele ya kila mapokezi, maana ndivyo inavyokuwa rahisi kuzidisha. Tuseme mnada umefungwa kwa shilingi 3,150 kwa kilo, na karani kwa uchovu akasoma 3,510. Tuseme mapokezi 280 yaliuzwa mnada huo. Kosa moja sasa linaishi mahali 280. Likigundulika, karani atarekebisha moja moja, simu italia, mtu ataingia kuomba stakabadhi, na mwisho wa siku atakuwa amerekebisha 279. Yule mmoja aliyebaki atalipwa kwa bei ya uongo na hakuna atakayejua. Katika kanzidata iliyojengwa vizuri bei ya mnada imeandikwa mara moja tu, kwenye mstari mmoja wa jedwali la Minada. Mapokezi hayabebi bei. Yanabeba namba ya mnada. Ukirekebisha pale pamoja, mapokezi yote 280 yamerekebishwa kwa pamoja. Sehemu kubwa ya nadharia ya Codd, iliyojaza vitabu vinene, ni kulinda jambo hilo: kila ukweli ukae mahali pamoja.

Wewe ni nani?

Sasa jina. Ukanda huu wa Mtwara umejaa akina Mohamedi, Hassani, Saidi, Fatuma, Zainabu. Katika chama cha wanachama mia saba usishangae kukuta Mohamedi Saidi watatu, na mmoja kati yao karani wa mwaka juzi alimwandika Muhamadi na wa mwaka jana Mohammed. Mashine haina huruma ya kujua kwamba hao ni mtu mmoja, wala haina akili ya kujua kwamba wale wawili wengine ni watu wawili. Jina ni la kuitana. La kumtambulisha mtu kwenye kanzidata ni namba ya mwanachama, na programu huiita ufunguo wa msingi: haijirudii, haiachwi wazi, na haibadiliki mtu akioa, akihama au akirekebisha herufi za jina lake.

Wengine hupendekeza namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA, iwe ufunguo. Iandike, itakufaa, lakini usiifanye ufunguo, kwa sababu utakutana na mwanachama ambaye bado hajapata yake na utashindwa kumpokelea korosho. Na ukiiandika, angalia sana. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote. Ukiandika namba ya NIDA kwenye kisanduku cha kawaida cha Excel, tarakimu tano za mwisho hugeuka sifuri, na ukishahifadhi faili, zimepotea. Nimeona orodha nzima ya wanachama ambao namba zao zote ziliishia 00000. Kwenye kanzidata, unapotengeneza safu ya NIDA, chagua aina ya matini, usichague namba. Fanya hivyo kwa simu pia, la sivyo sifuri ya mbele itaondoka na 0784 itakuwa 784. Kanuni ninayowapa wanafunzi ni hii: kama huwezi kukijumlisha, si namba. Hakuna anayejumlisha namba za simu.

Tarehe ina mtego wake, na mtego huo ni kama umetegwa mahsusi kwa wakulima wa korosho. Kompyuta nyingi hutufikia zikiwa zimepangwa kwa utaratibu wa Kimarekani, mwezi ukitangulia siku. Karani akiandika 13/11, mashine inaona hakuna mwezi wa kumi na tatu, inaelewa ni siku ya 13 Novemba. Akiandika 10/11, yeye akiwa na maana ya 10 Novemba, mashine inahifadhi 11 Oktoba na haisemi kitu. Msimu wetu unachangamka miezi ya 10, 11 na 12, kwa hiyo tarehe iliyogeuzwa bado inaonekana ni ya msimu na haimshtui mtu. Korosho zilizopokelewa baada ya mnada zinaonekana zilikuwapo kabla yake. Badili mpangilio wa kompyuta uanze na siku kabla hujaandika mstari wa kwanza, na kwenye fomu agiza mwezi uonekane kwa jina, ili karani akiandika 10/11 asome mwenyewe "10 Novemba".

Kuna mfano mmoja wa hapa hapa mkoani ambao siuachi kila ninapofundisha. Mkoa wa Mtwara una halmashauri ya Nanyamba, na una halmashauri ya Nanyumbu, ile yenye makao yake Mangaka. Irabu mbili tu zinazitenga. Karani anayeandika mahali kwa vidole, mamia ya mara kwa siku, atachanganya. Kwa hiyo asiandike. Tengeneza jedwali dogo la halmashauri, jingine la vijiji, na kwenye fomu mpe orodha ya kuchagua. Hapo hatakuwa na nafasi ya kukosea herufi.

Majedwali yakishakuwa tayari, unayaunganisha. Kwenye Microsoft Access kuna dirisha ambamo unavuta namba ya mwanachama kutoka jedwali la Wakulima na kuiachia juu ya namba ya mwanachama kwenye Mapokezi, na mstari unachorwa kati yao. Utaulizwa kama unataka programu ilinde uhusiano huo. Kubali. Tangu hapo hakuna atakayeweza kuandika kilo za mwanachama ambaye hayumo, na hakuna atakayeweza kumfuta mkulima ambaye bado ana mapokezi kwenye kanzidata. Ulinzi huo una maana kubwa kwenye zao hili. Novemba 2018, bei za mnadani zilipokataliwa, Rais John Magufuli aliagiza Serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lizisombe. Kabla ya kulipa, Serikali ilitaka kujua kama anayedai kilo hizi ana shamba la kutoa kilo hizi, kwa sababu ya kangomba, wale walanguzi wanaozinunua korosho za mkulima mwenye shida kwa bei ya kutupa na kwenda kuziuza kwa majina yao. Waliohakiki walilazimika kwenda mpaka shambani, na wakulima walingoja. Swali lao lilikuwa la majedwali mawili, la mashamba na la mapokezi, ambayo hayakuwa yameunganishwa.

Swali la kisichoandikwa

Fomu nitaipita upesi. Ifanye ifanane na stakabadhi ya karatasi, vitu vifuatane kama karani anavyovisoma kutoka kwenye mizani, na usiweke rangi zaidi ya mbili. Ripoti nayo ni fomu ya kuchapisha. Utaimudu kwa siku moja.

Nguvu ya kanzidata iko kwenye maulizo. Ulizo ni swali unalolijenga mara moja na kulihifadhi, na kila ukilifungua linajibiwa upya kwa taarifa za siku hiyo. Chini yake kuna lugha iitwayo SQL, iliyobuniwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM mwaka 1974, lakini unaweza kujenga maulizo mengi kwa kuchagua safu kwa kipanya bila kuiandika. Anza na mepesi. Mwanachama namba 118 ameleta kilo ngapi msimu huu? Kijiji gani kimeleta zaidi? Daraja la pili ni sehemu gani ya korosho zote? Hayo hata daftari la karatasi linaweza, ukiwa na kikokotoo na subira.

Sasa uliza hili: nani ameleta korosho na hajalipwa?

Daftari la karatasi hujibu vizuri kuhusu kilichoandikwa. Kuhusu kisichoandikwa, halina ukurasa wa kukufungulia. Kumjua ambaye hajalipwa lazima uchukue kila mstari wa mapokezi, utafute mwenzake kwenye kitabu cha malipo, na usipomwona uandike pembeni. Kwa mapokezi elfu nne hiyo ni kazi ya wiki, na hakuna anayeifanya. Chama husubiri mwenye madai aje mlangoni. Anayekuja ni mwenye nauli na mwenye sauti. Bibi wa kijiji cha mbali, asiyesoma, ambaye akaunti yake ilikosewa tarakimu moja na benki ikarudisha fedha, haji. Kanzidata hujibu swali hilo kwa sekunde chache. Access ina hata msaidizi wa kulijenga: unamwonyesha jedwali la Mapokezi, unamwonyesha la Malipo, unamwambia akuletee walio kule na hawako huku. Ningekuwa na saa moja tu ya kufundisha kanzidata maishani mwangu, ningefundisha ulizo hili na kuacha mengine yote.

Kuna jingine linalofanana nalo. Korosho zikipimwa kijijini na kupimwa tena ghala kuu, kilo hupungua. Unyaufu upo, korosho hukauka. Lakini unyaufu ni neno linaloweza kufunika mambo mengi. Chama kikijumlisha mapokezi ya kila gari na kuyalinganisha na uzito uliosomwa ghala kuu, gari kwa gari, msimu mzima, kitaona kama upungufu unafanana au kuna safari fulani zinazopungua kuliko nyingine. Hapo mkutano mkuu utakuwa na kitu cha kuuliza.

Programu ipi? Access ilitoka mwaka 1992, imeenea, na anayeijua ni rahisi kumpata. Ila ni ya kununua na ni ya Windows tu. LibreOffice Base ni ya bure na inatosha kabisa kwa chama cha msingi. Tofauti moja ijue kabla umeme haujakatika. Access huhifadhi kila mstari mara tu unapoutoka, bila kuamriwa. Base, ukitumia kanzidata iliyomo ndani ya faili lake lenyewe, hutaka uhifadhi faili kama barua, na umeme ukikatika kabla hujahifadhi, asubuhi nzima inaweza kupotea. Ukichagua Base, hifadhi kila baada ya wakulima kumi. Ukichagua yoyote, kila jioni nakili faili kwenye flashi mbili, moja ilale ofisini na nyingine ilale nyumbani kwa katibu.

Na majedwali yako yape majina ya Kiswahili. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa lugha yetu, iliyotokana na mti uleule ambao baadaye ulizaa LibreOffice. Base haikuwamo, kwa sababu iliingia kwenye OpenOffice mwaka 2005. Kazi ile iliwataka wakae na kukubaliana neno kwa neno, na mtu anayedhani Kiswahili hakiwezi kompyuta aitazame. Neno kanzidata lenyewe ni zuri: kanzi ni hazina. Jedwali likiitwa Mapokezi, karani atakayekuja baada yako ataelewa bila kukupigia simu.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini tujisumbue na kanzidata ya mezani wakati Bodi ya Korosho ina daftari lake la wakulima, Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wake wa MUVU, na tangu msimu wa 2024/25 minada yenyewe inapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX. Mifumo hiyo ni mizuri na chama lazima kiitumie. Lakini aliyewahi kujenga majedwali manne kwa mkono wake huingia kwenye mfumo mkubwa akiwa na maswali. Akiona mwanachama wake ameandikwa mara mbili, anajua ni ufunguo. Akiona tarehe imerudi nyuma, anajua kwa nini. Akiambiwa "mfumo umekataa", anauliza umekataa mstari upi. Asiyejua huinamisha kichwa na kumwambia mkulima arudi kesho.

Msimu unafunguliwa Oktoba. Kama wewe ni katibu au mwenyekiti wa chama cha msingi, mtafute kijana mmoja kijijini kwako aliyemaliza kidato cha nne, na ikifika Agosti mpe kompyuta ya ofisi pamoja na daftari la msimu uliopita. Asianze na msimu mpya. Ahamishe ule wa zamani, ambao jumla zake zinajulikana, mpaka kilo zake zilingane na zilizolipwa. Zikilingana, mkalishe karibu na mizani, daftari la karatasi likiwa bado wazi pembeni yake, na yote mawili yaandikwe mpaka gunia la mwisho.